Koleo la Kipande

Babu hakuacha shamba. Aliacha sanduku la bati,
ndani yake fulana, miwani ya jicho moja,
na koleo la chuma lililofungwa kwa singa za mkonge,
mafundo saba, kama mtu afungavyo mbwa.

Alikuwa karani wa mkonge, nje kidogo ya Lindi,
enzi za manamba na kipande cha siku thelathini.
Jioni walipanga foleni, mikono imechanwa na miiba,
naye akabana: kwach.
Siku imehesabiwa. Nyota ndogo ya hewa kwenye karatasi ngumu.
Mwingine. Kwach.
Gumba lake lilikuwa na sugu kama punje ya hindi kavu.

Yaliyofuata hayakuandikwa kwenye daftari la tajiri.
Litunu alimaliza kipande, akarudi kwao Nyangao.
Mkewe akamwuliza, Habari za huko?
Akafungua kinywa. Hakukuwa na huko.
Alikumbuka kuondoka, alikumbuka mlango wa kurudi,
katikati peupe, kama sahani iliyorambwa.
Mchopa naye aliletewa habari kambini: mkeo kajifungua salama.
Akacheka, akagawa tumbaku, jioni akapanga foleni.
Kwach.
Mtoto yule alikua akimwamkia baba,
baba akiitikia kama anavyoitikia mpita njia.

Watu wakasema uchovu. Wakasema gongo.
Babu alijua. Ijumaa moja, kwa kujaribu tu,
alibana kona ya cheti chake cha ndoa,
na hadi kufa kwake alimwuliza bibi, kwa adabu kabisa,
"Hivi sisi tulioana lini?"
Bibi Somoe alijibu kila mara,
mara nyingine kwa tarehe ya uongo, kumkomoa.

Mimi ni fundi cherehani, Mtanda. Mafundo hayanishindi.
Singa zote saba nimezikuta chini ya meza, zimekatwa
kwa mkasi mkali, mkato wa mtu anayejua kitambaa.

Na leo asubuhi jua limeingia dirishani,
limepita kwenye kalenda ya chama cha ushirika,
likaangusha nyota sakafuni.
Tisa, zimefuatana. Juni, kuanzia tarehe kumi na moja.

Nimemwuliza jirani, Bi Mwanaiba, Juni kulikuwa na nini?
Ameweka chini sahani ya ming'oko,
amenishika paji la uso kama anayepima homa.
"Kula kwanza," amesema. "Kula, mwanangu."
Hakuutazama mlango wa chumba cha pili.

Chumba cha pili naweka majora.
Mna kitanda kifupi humo; nilidhani nilikinunua kwa kazi hiyo.
Mna sare ya shule, mkono wangu naujua,
upindo wa akiba vidole vitatu,
upindo wa mtoto anayetarajiwa kurefuka.
Haina mteja. Daftari la oda nimelipekua mara mbili.
Katika droo ya cherehani kuna kadi ya kliniki,
chanjo zote zimekamilika, uzito umepanda vizuri,
na mahali pa jina
pana nyota.

Nimerudi kwenye kalenda. Nilihesabu vibaya.
Kuna nyota moja ya Agosti, peke yake, Jumatano.
Kuna mbili za Septemba, mbalimbali,
siku za kawaida, zisizo na sababu yoyote
isipokuwa kwamba asubuhi yake, pengine, jua liliingia dirishani,
na Bi Mwanaiba akaja na sahani.

Leo ni tarehe sita Oktoba. Karatasi yake bado nzima.
Koleo liko mezani, mdomo wazi, limetulia.
Nimeukunjua mkono wangu wa kulia kwenye mwanga:
gumba lina sugu,
nami sijawahi kuwa karani.